Upande wa Maji

Nesta aliamka kabla saa yake haijalia, akapiga magoti kando ya kitanda na kusali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali. "Bwana, leo." Hakuongeza neno. Yaliyobaki Mungu aliyajua, maana alikuwa akiambiwa kila asubuhi kwa miezi kumi mfululizo.

Saa tatu alikuwa ameshashuka basi pale Chirk, anateremka kuelekea mfereji. Moyo ulimdunda kama wa msichana wa miaka kumi na saba, na yeye alikuwa na thelathini na tatu, fundi wa kushona maturubai ya boti, vidole vyake vigumu kama ngozi ya tandiko. Mvua ya Julai ilikuwa imekatika alfajiri na kuacha majani yaking'aa. Chini kabisa, pale njia ya farasi wavutao boti inapoingia kwenye mdomo wa handaki, Adrian alikuwa amesimama na begi mgongoni. Alikuwa amevaa tai.

"Tai?" Nesta alicheka tangu huko juu. "Tunatembea maili tisa, we bwana! Unakwenda kuzikwa?"

"Nakwenda kuposa," Adrian alijibu. "Mwalimu wangu wa jioni kaniambia binti wa mzee wa kanisa haposwi na mtu mwenye shingo wazi."

"Mwalimu wako anafundisha lugha au anafundisha ndoa?"

"Siku za Jumanne anafundisha lugha. Mimi ndiye ninayemuuliza habari za ndoa."

Nesta alimkaribia, akamnyoosha ile tai ingawa haikuwa imepinda. Adrian alinukia unga na iliki. Alikuwa mwoka mikate wa Oswestry, ng'ambo ya mpaka wa nchi ya Wawelisi, upande wa Uingereza, mwanamume wa miaka thelathini na minane mwenye mikono mikubwa na sauti ya taratibu. Walijuana kwa sababu ya turubai. Siku moja Adrian alileta turubai la kibanda chake cha sokoni, limechanika. Baada ya wiki mbili akalirudisha, limechanika tena. Mara ya tatu tundu lilikuwa limekatwa kwa mkasi, mkato ulionyooka kama rula, na Nesta akamwambia, "Kaka, ukitaka kuniona njoo tu. Turubai lina kosa gani?"

Hapo ndipo yalipoanza. Na hapo ndipo Mzee Idwal, baba yake Nesta, alipoanza kununa.

Mzee Idwal hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa ameongoza farasi kandokando ya mfereji huu, na kwa miaka ishirini alikuwa mzee wa kanisa lao dogo la mawe kule Llangollen. Alipoletewa habari za Adrian alisema neno moja, na tangu siku hiyo hakulibadilisha.

"Sina ugomvi na mikate yake," alisema. "Lakini meza hii mama yako aliibariki kwa Kiwelisi, lugha yetu, mpaka pumzi yake ya mwisho. Mimi nikifa, nani atabariki chakula hapa? Mwingereza anayesema asante kwa neno lilelile la kugonganishia glasi za bia?"

Adrian aliposimuliwa maneno hayo hakukasirika. Jumanne iliyofuata alifunga tanuri mapema, akaenda kukaa kwenye darasa la jioni la Kiwelisi katikati ya vijana wa umri wa wapwa zake, akaanza kujifunza kuhesabu moja hadi kumi. Mzee Idwal hakuambiwa.

Mpango wao ulikuwa hivi. Leo ilikuwa Jumamosi ya safari ya watoto wa Shule ya Jumapili. Mzee Idwal angewapakia kwenye boti ya zamani ya kanisa, ivutwe na farasi, waende hadi mahali pa kugeuzia na kurudi, na saa kumi jioni chai ingeandaliwa kanisani. Nesta na Adrian wangefika hapo kwa miguu, njia nzima ya mfereji kutoka Chirk, na Adrian angesimama mbele ya watu wote na kubariki chakula. Halafu angemwomba mzee mkono wa binti yake.

"Umebeba mkate?" Nesta aliuliza.

"Bara brith, mkate wenu wa zabibu. Nilizilaza ndani ya chai tangu juzi."

"Shangazi Gwenda atasema wake ni bora."

"Shangazi yako alisema hivyo hata juu ya keki ambayo hakuionja."

Wakaingia handakini wakicheka.

Mle ndani palikuwa na giza zito na baridi ya kisima. Tochi ya Adrian iliangaza kipande kidogo cha njia na mwamba uliolowa. Matone yalidondoka majini, tiki, tiki, na kila kicheko chao kiliwarudia mara tatu. Mbele kabisa mwanga wa upande wa pili ulionekana mdogo kama tundu la sindano. Nesta alikuwa amepita humo tangu utotoni, lakini leo alitembea kama mgeni, maana mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mtu.

"Nes," Adrian aliita, na handaki likaita naye. "Nikikutana na baba yako na farasi njiani, nifanye nini?"

"Swali zuri. Sikiliza, maana hili Baba huwafundisha watoto kabla hajawafundisha Baba Yetu. Farasi anatembea njiani, sivyo? Boti iko nyuma yake hatua thelathini, majini. Katikati yao kuna kamba. Sasa ukisimama kati ya kamba na mfereji, farasi akisonga, kamba inakufagia majini. Haikuulizi jina. Kwa hiyo siku zote simama upande gani?"

"Upande wa ua wa miiba."

"Tena."

"Upande wa ua, si upande wa maji."

"Umefaulu mtihani, kijana. Nenda kacheze."

Walitoka juani wakikunja macho. Asubuhi yote ilikuwa mbele yao, na Nesta alijisikia mwepesi kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka darasani. Walipita handaki la pili, fupi. Walisimama kijijini Froncysyllte, wakachungulia matanuri ya zamani ya kuchomea chokaa, na Adrian, kwa kuwa ni mwoka mikate, aliingiza kichwa ndani na kukadiria kwa sauti ingeenea mikate mingapi. "Mia nne," alisema. "Lakini ingekuwa migumu." Walisaidia wazee wawili wenye boti kuinua daraja la mbao ili boti ipite, Nesta akizungusha mpini na Adrian akiwapungia mkono kama mfalme, na yule bibi wa botini akauliza, "Mmeoana lini?"

"Jioni tutajua," Nesta alijibu, akaona masikio ya Adrian yamekuwa mekundu.

Kisha njia ikapinda, miti ikafunguka, na Adrian akasimama.

Mbele yao mfereji uliiacha nchi kavu. Uliingia ndani ya birika refu la chuma lililobebwa na nguzo nyembamba za mawe, ukavuka bonde zima hewani. Upande mmoja wa birika kulikuwa na njia ya miguu na vyuma vya kushikilia. Upande wa pili hapakuwa na kitu, maji tu, kisha ukingo wa chuma, kisha anga. Chini, chini sana, mto Dee ulikuwa ukitoa povu juu ya mawe, na ng'ombe walionekana kama punje za maharagwe.

"Pazuri, eh?" Nesta alisema. Alipogeuka alimkuta Adrian ameshika shina la mti kwa mikono miwili.

"Nes. Kuna jambo sijakuambia."

"Usiniambie una mke."

"Naogopa urefu. Hata ngazi ya kupakia unga, kijana wa dukani ndiye anayepanda."

Nesta alitaka kucheka, akaangalia uso wake, kicheko kikaishia kooni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Na ulikubali kutembea njia hii? Ulijua daraja lipo!"

"Nilijua. Nimelitazama kwenye picha kila jioni kwa wiki mbili, nikidhani nitalizoea."

"Mungu wangu. Kuna basi. Tukirudi barabarani..."

"Hapana." Adrian aliachia mti, kidole kimoja kimoja. "Nilimwambia Mungu nitakuja kwa miguu. Sasa nimwambie nini, kwamba nilipanda basi?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nesta alimshika mkono, akamweka yeye upande wa birika na mwenyewe akakaa upande wa vyuma, ili Adrian akigeuza shingo aone uso wa Nesta kabla ya kuona bonde. "Nitazame mimi," alisema. "Na niambie ile sala."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Sala ya Mama. Toka mwanzo."

Ilikuwa sala ya mezani ya mama yake. Haikuwa kitabuni. Mama yake aliitunga mwenyewe zamani, na Nesta aliikuta imeandikwa kwa penseli ndani ya jalada la Biblia yake. Baada ya kifo chake hakuna aliyeisali tena, hata Mzee Idwal. Yeye alichukua sala fupi ya kila mtu, akaimaliza upesi, na kuvuta kiti.

Adrian alianza kwa Kiwelisi, polepole, ulimi ukipanda kila neno kama mlima. "Bwana wa mashamba... na Bwana wa meza..." Hatua kumi. "Bariki mkate huu... na mikono iliyoukanda..." Upepo ulivuma kutoka bondeni, ukaipeperusha tai yake hadi begani. Alifumba macho.

"Fumbua. Mimi hapa."

"Na yule... na yule..."

"Na yule ambaye hajafika mezani."

"Na yule ambaye hajafika mezani, umlete." Hatua ishirini, thelathini. "Amina. Tumefika?"

"Bado. Anza tena."

Aliisali mara kumi na moja. Mara ya tisa hakukwama hata neno moja. Walipokanyaga udongo wa upande wa pili Adrian aliketi palepale nyasini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Nesta akaketi karibu naye akilia bila kujua kwa nini. Sauti ya mama yake ilikuwa imevuka daraja pamoja nao, ndani ya kinywa cha mwoka mikate wa Oswestry.

Walikunywa chai kijijini Trevor, wakala soseji, kisha wakashika njia ya kuelekea Llangollen. Hapa mfereji ni mwembamba, umeng'ang'ania ubavu wa mlima, na maji yake yanatembea taratibu kama mtu anayewaza. Juu ya kilima, ng'ambo, magofu ya ngome yalisimama peke yake. Nesta alimwonyesha Adrian madirisha yaliyobaki, akamwambia yeye na kaka yake Huw walikuwa wakipanda huko kula sandwichi.

Alipolitaja jina la Huw, aliharakisha hatua.

"Nes," Adrian alisema, akimfikia. "Akikataa?"

"Usianze."

"Naanza, maana zimebaki maili mbili. Akikataa, itakuwaje?"

Nesta alipiga teke jiwe dogo, likaanguka majini. "Huw alioa bila baraka yake. Alifunga mlango kwa kishindo, akaenda. Huu mwaka wa sita, Baba hajalitamka jina lake. Ana mjukuu ambaye hajawahi kumshika. Nilikuwa katikati ya mlango ule, Adrian. Mimi siwezi kuufunga mara ya pili."

"Kwa hiyo akikataa, hunitaki."

"Nakutaka! Nakutaka mpaka nashona mishono iliyopinda. Lakini sitakwenda bila baraka yake. Nilikuambia tangu mwanzo."

"Uliniambia." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ila mwanzoni nilikuwa sijakupenda hivi."

Walisimama, hatua chache kabla ya daraja la mawe. Adrian alikuwa amegeuza uso, anatazama maji. Miezi kumi ya Jumanne. Daraja la angani. Sala ya Mama mara kumi na moja. Alimshika tai, akamvuta, akambusu mdomoni katikati ya njia, mchana kweupe.

Hapo ndipo kwato zilipolia chini ya daraja.

Alitokeza kwanza Seren, farasi jike wa rangi ya chai ya maziwa, masikio yamesimama. Pembeni yake alikuwa Mzee Idwal na kofia yake ya Jumapili, mkono kwenye hatamu. Nyuma sana, ng'ambo ya daraja, sauti za watoto zilikuwa zikiimba. Kwa hesabu ya Nesta walipaswa kuwa wamegeuza boti saa mbili zilizopita. Baadaye alikuja kujua kwamba Seren alikuwa amedondosha kiatu cha chuma cha kwato, wakamsubiri fundi.

Adrian alifanya alichofundishwa. Bila kuambiwa alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ua, upande wa ua kabisa, miiba ikimchoma.

Mzee Idwal aliachia hatamu.

"Nesta!" Alipita mbele ya pua ya farasi, akaja ukingoni mwa maji, fimbo imenyooshwa. "Njiani! Kama bata! Na watoto wa kanisa wako nyuma yangu!"

"Baba, tafadhali..."

"Na wewe, mwoka mikate! Tai hiyo umemvalia nani?"

"Mzee," Adrian alisema, macho yamemtoka. "Mzee, kamba."

"Nakuuliza habari ya heshima, unaniambia kamba?"

"Kamba, Mzee! Uko upande wa maji!"

"Kijana, usinifundishe mimi kamba! Miaka arobaini na mmoja..."

Lakini Seren hakuwa na habari na miaka arobaini na mmoja. Alikuwa amemwona Nesta, na Nesta tangu utoto alikuwa na peremende za minti mfukoni. Alimpita mzee, akikaza mwendo kuja kuzichukua. Kamba ikanyanyuka kutoka kwenye nyasi, ikanyooka, ikamgusa Mzee Idwal magotini kwa upole kabisa, ikamtia mferejini.

Kofia ilibaki hewani kidogo, kisha ikamfuata.

Maji ya mfereji ule humfika mtu kifuani tu. Mzee Idwal aliibuka na majani kichwani, akitema, na Nesta alikuwa karibu kucheka. Kisha akauona uso wa baba yake.

"Mguu," Mzee Idwal alisema. "Mguu umenasa matopeni."

Na chini ya daraja, pale ambapo kuta mbili za mawe huubana mfereji mpaka ipite boti moja tu, pua ya boti ilikuwa inaingia. Nzito, taratibu, na watoto ishirini na wawili ndani yake. Mzee Idwal alikuwa amebanwa ukutani, kwenye njia yake hasa.

"Idwal!" Shangazi Gwenda, dada yake Idwal, alikuwa nyuma kwenye usukani, akiusukuma kwa kiuno chote. "Idwal, toka hapo! Hili dude halina breki!"

Nesta alimrukia Seren, akamshika hatamu, kamba ikalegea. Lakini kulegea kwa kamba hakusimamishi boti. Hilo alilijua tangu ana miaka minne. Bwana, sikusema hivi, alisali moyoni. Nilisema leo, lakini sikusema hivi.

Kitu kikubwa kilipita mbele ya macho yake. Adrian, mtu ambaye hawezi kupanda ngazi ya unga, alikuwa ameruka na begi lake na tai yake. Alizama, akaibuka nyuma ya mzee, akamkumbatia kifuani.

"Vua kiatu!"

"Hakivuliki! Nilikifunga mara mbili!"

"Basi samahani, Mzee," Adrian alisema, akavuta kama anayeng'oa kisiki. Tope lilitoa sauti ya kumeza. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Akamnyanyua Mzee Idwal juu ya mawe kama gunia la unga, na yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kupanda. Alijibandika ukutani. Pua ya boti ikamfikia kifuani, akaidaka kwa mikono miwili, akabebwa nayo nyumanyuma, miguu ikipiga maji.

"Mshikeni!" Nesta alipiga kelele. "Watoto, mshikeni!"

Watoto walimshika walipoweza. Wawili nywele, mmoja begi, na wanne tai. Wakavuta. Adrian akaingia botini kichwa mbele, akaanguka katikati ya vikapu vya sandwichi, akakohoa maji, uso umekuwa zambarau.

"Legezeni," alisema. "Legezeni tai."

Boti ilijigonga kwenye ukingo mbele kidogo, pasipo madhara. Kisha Shangazi Gwenda akasema kutoka nyuma, "Miaka arobaini na mmoja," akaanza kucheka mpaka akakaa juu ya usukani.

Hapakuwa na jinsi ya kwenda kula kanisani. Mzee Idwal alikuwa anatetemeka, na watoto walikuwa na njaa ya hofu, ambayo ni mbaya kuliko ya kawaida. Wakatoa nguo za meza vikapuni, wakazitandika kwenye nyasi, nje ya njia. Moja wakamfunika mzee mabegani, nyeupe, yenye maua ya kudarizi, na yeye akakaa juu ya jiwe na mguu mmoja wa soksi, hamtazami mtu. Nesta alimpa chai ya chupa. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba ilikuwa mikono ya mzee.

Adrian alifungua begi. Mkate wake ulikuwa umefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni na kitambaa, na haukuwa umelowa hata ncha. Akaukata vipande, akavipanga, akarudi kukaa mbali, karibu na ua.

Mzee Idwal aliinamisha kichwa. Watoto wakafumba macho. Wakasubiri.

"B-b..." Meno yaligongana. Alijaribu tena. "B-bwa..." Akafunga mdomo, akakaza taya, na aibu ikampanda usoni. Yeye, mzee wa kanisa, mbele ya watoto, hawezi kubariki mkate.

Nesta alimtazama Adrian. Hakumwashiria kitu. Alitazama tu.

Adrian alisimama, maji yakimchuruzika kwenye suruali.

"Bwana wa mashamba na Bwana wa meza," alisema kwa Kiwelisi.

Kichwa cha Mzee Idwal kilinyanyuka.

"Bariki mkate huu, na mikono iliyoukanda." Sauti ilitetemeka kwa baridi, lakini haikukwama. "Na yule ambaye hajafika mezani, umlete. Amina."

"Amina," watoto wakasema, na mikono ishirini na miwili ikaruka kwenye vikapu.

Lakini Mzee Idwal hakula. Alikuwa amefumba macho, na alikaa hivyo muda mrefu baada ya sala kwisha, nguo ya meza imemkaa mabegani kama ya kuhani. Maji yalimteremka mashavuni, na hayakuwa yote ya mfereji.

"Nani kakufundisha hiyo?" aliuliza mwishowe.

"Niliisoma kwenye Biblia ya mama yake Nesta, Mzee. Maneno mengine nilifundishwa darasani. Jumanne, saa moja jioni."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tisa, mwaka jana."

Mzee alichukua kipande cha mkate. Akakinusa, akakitafuna taratibu sana. Shangazi Gwenda naye alikuwa anatafuna, na alionekana amekasirika, kwa sababu mkate ulikuwa mtamu.

"Zabibu nyingi mno," alisema shangazi.

"Nyamaza, Gwenda," Mzee Idwal alisema. "Uliona nilisimama upande gani?"

"Watoto wote waliona."

"Upande wa maji." Alitikisa kichwa. "Nilikuwa nawatazama hawa wawili, nikasahau kamba yangu mwenyewe." Akasugua goti. Kisha, bila kumtazama Nesta, akauliza kwa sauti ndogo, "Mtoto wa Huw ana miaka mingapi sasa?"

Nesta aliweka mkate wake chini. "Mitano, Baba. Anajua kuimba."

"Mitano," mzee alisema. "Wa miaka mitano anatosha kukaa botini."

Akasimama, akavua ile nguo ya meza, akaikunja pembe kwa pembe kama mkewe alivyokuwa akizikunja. Akachechemea kwa kiatu kimoja hadi kwa Seren, aliyekuwa amemaliza peremende zote za mfuko wa Nesta na sasa anatafuta za Adrian. Akafungua hatamu kwenye mti. Adrian alikuwa amemfuata, amesimama wima, akinyoosha tai yake iliyoharibika.

"Mzee," alianza. "Nilikuja kukuomba..."

"Najua ulichokuja kuomba. Umenitoa kwenye matope na umenipokonya sala yangu, siku moja. Unataka nikujibu na huku nimelowa?" Akamtazama juu hadi chini, mtu mzima aliyelowa akimtazama mwenzake aliyelowa. Kisha akaichukua mikono ile mikubwa ya Adrian, mmoja baada ya mwingine, akaifunga juu ya hatamu, na yake mwenyewe akaiondoa.

"Mpeleke nyumbani polepole, ana kiatu kipya," alisema. "Nesta atatembea nawe. Na ukae upande wa ua, mwanangu. Usinifanye niruke mimi."